Kibao cha Mti wa Mkurugenzi

Jumapili, 18 Mei

Mti umekufa.

Nimeutikisa. Nimeukwaruza gome kwa ukucha, ndani ni kahawia kama biskuti. Wiki jana ulikuwa na majani matano, yote yameungua pembeni. Leo yamebaki mawili. Moja limeanguka nikiliangalia.

Ungekuwa mti wa kawaida ningenyamaza. Lakini huu ni wa Bwana Mwendwa, mkurugenzi wa kampuni ya rangi! Aliupanda tarehe mosi Machi kando ya kijito chetu hapa Riruta, kwa glavu nyeupe, mbele ya kamera tatu. Muiri, mti wa kienyeji, ulikuwa unafika magotini. Akaahidi mbele ya kundi letu zima, Marafiki wa Kijito, kwamba mti ukiwa hai baada ya miezi mitatu atatuletea kayaki mbili mpya, mitumbwi ya kasia, za kung'olea gugu maji kwenye bwawa la kule chini ya Uthiru. Ukifa, hakuna kitu. Atarudi kuukagua Jumamosi tarehe 31.

Na mlezi wa mti huo ni nani? Ni mimi, Waithaka, karani wa bima. Nilijitolea kwa sababu Becky, mwenyekiti wetu, alisema mlezi ndiye atakuwa nahodha wa kayaki ya kwanza. Nahodha Waithaka! Nimeshaandikisha hivyo kwenye kofia.

Ulikufaje, sielewi. Niliulisha kuliko nilivyowahi kumlisha binti yangu. Kila Jumapili debe zima la mbolea ya kuku, mbichi, bado inatoa mvuke, moja kwa moja kutoka banda la jirani yangu Mama Kiarie. Mwezi jana Mzee Rajinder aliniona nikimwaga, akatikisa kichwa. "Bwana Waithaka, hiyo mbolea iko moto sana. Weka kando miezi tatu ipoe." Wivu mtupu. Mzee huyu alikuwa na duka la hadiwea, la misumari na nyundo, miaka mingi, sasa amestaafu na kazi yake ni kunizidi. Ana muiri wake hatua kumi kutoka kwangu, mrefu kunipita, na kila asubuhi yuko pale na kopo la maji. Anajionyesha tu.

Nashuku mbuzi. Sijaona alama za meno, lakini mbuzi wa Riruta ni wajanja.

Siku kumi na tatu zimebaki. Nahodha hakati tamaa.

Jumatatu, 19 Mei

Mpango wa kwanza. Kununua muiri mwingine wa magoti, kuupanda palepale, kunyamaza. Nani atajua?

Badala ya chakula cha mchana nikashuka Adams Arcade, nikatembea Ngong Road kwa wale wauza miche. Dada mmoja anaitwa Jacklyne akaniuliza nataka mti gani. Nikamwambia muiri, kwa sauti ya mtaalamu. Akazunguka nyuma, akarudi na mche mzuri sana, akaapa ni muiri kabisa, hata akaupangusa majani kwa kanga yake. Nikaubeba hadi ofisini, ukashinda chini ya meza yangu. Jioni nikaupeleka nyumbani.

Hannah, mke wangu, aliutupia jicho moja. Akavunja jani, akaninusisha.

Mlimau.

Nilimwambia huenda kuna muiri wenye harufu ya limau. Akaniuliza kama kuna muiri wenye miiba. Sasa mlimau uko mlangoni na Hannah anasema angalau chai ya dawa tutapata.

Mpango wa pili unahitajika.

Jumatano, 21 Mei

Nimepata! Nilikuwa nahangaika na mti bure, kumbe jambo ni kibao.

Fikiria. Bwana Mwendwa aliupanda mti kwa dakika mbili akiangalia kamera. Anaujua mti wake? Haujui. Anachokijua ni kibao chake: bomba la chuma, bati limechomelewa juu, limepakwa rangi ya kampuni, "Mti huu ulipandwa na" na jina lake na vyeo vyake vyote. Palipo na kibao ndipo palipo na mti. Na hatua kumi tu kutoka pale pana muiri mwingine, mnene, unang'aa.

Saa sita nilimwambia bosi wangu, Madam Peres, kwamba jino linaniua. Akaniruhusu. Nikaja mbio. Mzee Rajinder huwa pale asubuhi tu, kwa hivyo uwanja ulikuwa wangu. Nikang'oa kibao. Nikachimba shimo chini ya mti wa Mzee. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kazi nusu nusu, nikakoroga simiti ndoo nzima, na kokoto, nikamwaga. Nikaikandamiza kwa kiatu. Mti wa Mzee ulikuwa umefungwa kwenye kijiti cha kuuegemeza kwa kitambaa cha rangi ya machungwa, kimechakaa kidogo, kirefu. Nikakifungua nusu, nikafungia kibao ili kisiyumbe simiti ikikauka. Safi.

Ule uliokufa niliutupa kwenye lundo la mboji.

Tatizo moja dogo: mti wa magotini umekuwa mti wa kupita kichwa kwa miezi mitatu. Lakini Bwana Mwendwa ni mtu wa rangi, si mtu wa miti.

Alhamisi, 22 Mei

Madam Peres ana ndugu daktari wa meno pale mjini. Alikuwa ameshanipangia saa nne, bila kuniuliza. Ningekataaje? Nikaenda nimeshika shavu.

Daktari akachungulia. Akasema jino lilikuwa limeoza hadi mzizi na nimekuwa mvumilivu sana. Akalitoa.

Hii inaonyesha kwamba hata nikidanganya, huwa niko karibu na ukweli.

Jumamosi, 24 Mei

Matembezi ya kundi, milima ya Ngong. Upepo wa kukubeba. Nilitaka kuongoza, nahodha hawezi kuwa nyuma, lakini kilima cha pili kilinishika kifua. Mzee Rajinder, miaka sabini na minne, alinipita na kilemba chake na chupa yake ya chai bila hata kuhema. Akanisubiri juu. Hilo ndilo liliniuma zaidi, kwamba alinisubiri.

Nikabaki na Becky. Ili nisionekane nahema nikaanza kumsengenya Mzee, kwamba ule mti wake anaubembeleza kama mtoto mchanga. Becky akasimama. Akaniuliza kwani sijui.

Sikujua. Yeye na mkewe Indu walikuwa wakitembea kando ya kijito kile kila asubuhi kabla ya kufungua duka, miaka arobaini. Indu ndiye aliyeotesha ule muiri, kwenye kopo la samli, dirishani jikoni. Alifariki miaka miwili iliyopita kabla hajaupanda. Mzee akaupanda peke yake. Kile kitambaa cha machungwa ni cha mtandio wake.

Nilikaa chini. Nikamwambia Becky nataka kuangalia mandhari.

Halafu nikahesabu. Kibao nimekihamisha Jumatano. Alhamisi asubuhi Mzee alikuwa pale. Ijumaa asubuhi alikuwa pale. Leo asubuhi pia, kabla ya gari la kundi kutuchukua. Amekiona mara tatu! Na hakusema neno. Alinimiminia chai ya viungo kwenye kifuniko cha chupa, akaniuliza jino langu likoje. Nilikunywa, nikamrudishia kifuniko.

Nimeaibika. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayesoma. Kesho kibao kinarudi, hata kama ni kwenye shimo tupu.

Jumapili, 25 Mei

Hakirudi.

Sijawahi kuona simiti kama ile. Landilodi wetu angekuwa na simiti ile choo cha plot kisingekuwa na ufa. Nimevuta. Nimesukuma. Nimekalia. Mpini wa beleshi la Mama Kiarie umevunjika vipande viwili. Nikichimba zaidi naikuta mizizi, na mizizi ni ya Indu, kwa hivyo nikaacha.

Nilikuwa nimepiga magoti, nimekumbatia bomba kwa mikono miwili, nikasikia mtu nyuma yangu. Mzee Rajinder, na kopo lake. Akaniuliza kama ninaomba.

Nikasema ndiyo.

Akasogea kando kwa heshima, akanisubiri nimalize. Ilibidi niombe kweli, dakika tano nzima. Kisha akamwagilia mti, akakiweka sawa kile kitambaa, akaenda zake. Mtu anayenyamaza hivi ananitisha kuliko anayenitukana.

Jumatano, 28 Mei

Nimeamua kuangalia mbele. Yaliyopita simiti imeyashika.

Kwanza: kayaki zikija, bwawa litasafishwa, kila mtu atafurahi, Mzee pia. Pili: Bwana Mwendwa ataangalia, atapiga picha, ataenda, na jioni ile ile mimi na nyundo kubwa tutarudi. Tatu: nitaongea bila kukoma ili asipate nafasi ya kufikiri. Huo ndio mpango wa tatu na hauna hata tundu moja.

Nimeanza mazoezi. Jioni nilikalia kreti ya soda uani na mpini wa ufagio, kushoto, kulia, kushoto, kulia, macho mbele. Wapangaji wote walitoka kuning'inia kwenye ngazi. Obuya wa nyumba namba saba akaniuliza nimefika wapi. Nikamwambia Ziwa Naivasha. Akaniagiza samaki.

Hannah amesema Jumamosi atakuja. Anataka kuona kwa macho yake mumewe akivishwa unahodha. Hii inaniongezea presha.

Jumamosi, 31 Mei

Lazima niandike leo leo.

Bwana Mwendwa alikuja saa nne na pikapu. Kayaki mbili juu, moja nyekundu, moja ya njano, zinameremeta. Nilizipenda papo hapo, nilihisi machozi. Tulikuwa watu kama thelathini. Hannah alikuwa mbele kabisa, na gauni la kanisani.

Nikaanza kuongea. Niliongea kuhusu mvua, udongo, hewa, historia ya kijito. Bwana Mwendwa hakunisikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya mti ameinua kichwa. Akasema alipoupanda ulikuwa hapa, akashika goti lake. Nikasema ni mbolea. Akacheka kwa furaha, akaukumbatia, akapiga picha, akapiga simu. Kisha akatutangazia. Mti wa namna hii hauwezi kufichwa kando ya kijito. Jumanne litakuja lori la kuung'oa na mizizi yake yote, ukapandwe kwenye lango la kiwanda chake, kila mteja auone.

Watu wawili wakapiga makofi. Wakaacha.

Kila mtu pale alijua ule ni mti wa nani. Nilimwona Becky akifungua mdomo, akaangalia kayaki zikishushwa, akaufunga. Nikamwangalia Mzee Rajinder. Hakuwa akiniangalia mimi. Alikuwa anafungua kile kitambaa cha machungwa, polepole, fundo moja, fundo la pili. Akakikunja vizuri, akakitia kwenye mfuko wa shati. Kama mtu anayehama nyumba.

Sijui nini kilinipata. Mdomo ulitangulia.

"Bwana Mkurugenzi, mti wako ulikufa. Huu ni wa mke wa Mzee."

Ndege mmoja, kwarara, alipita juu akipiga kelele zake. Bwana Mwendwa akaniuliza wake uko wapi. Nikamwonyesha lundo la mboji. Akaniuliza nani aliuua. Nikasema mbuzi. Hannah akakohoa.

Akawaambia watu wake wazirudishe kayaki juu ya pikapu. Hakupaza sauti hata. Ile nyekundu ilikuwa imeshainuliwa, nami nilikuwa natafuta pa kujificha, Mzee Rajinder alipomwendea. Akamwambia aliona kibao kimehama tangu Alhamisi ya wiki jana, akanyamaza kwa hiari yake, kwa sababu mkewe alilia na lile bwawa miaka mingi, alitaka sana lisafishwe, na kayaki zilikuwa zinakuja.

"Kibao, sawa, watu wasome tu. Lakini kuhamisha mti, hapana. Huyu amehama mara moja peke yake, kutoka jikoni."

Mzee akaendelea, sauti ileile ya kuuza misumari. Akasema nyumbani ana mche mwingine, ndugu yake huyu, kwenye kopo la samli. Kama Bwana Mkurugenzi anataka mti wake mwenyewe, apande leo, bila glavu.

Mche ulipoletwa, akaupanda! Alipiga magoti kwenye tope na suruali ile. Hakuna kamera iliyopiga, wenye kamera walikuwa wameduwaa. Alipoinuka akasema tubaki na kayaki moja. Ya pili ataileta baada ya miezi mitatu, huu ukiwa hai. Akasema pia kibao kikae kilipo kwa kuwa hakitoki, akatuachia kopo la rangi tubadilishe maandishi. Sasa kinasema "Mti wa Indu".

Becky akauliza nani atalea ule mpya. Watu wote thelathini wakaangalia kila mahali isipokuwa kwangu. Mzee Rajinder akaninyooshea kidole.

"Huyu huyu. Roho iko. Hiyo ingine tutamfundisha."

Nilisema vumbi limeniingia machoni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, lakini hakuna aliyenibishia.

Jumapili, 1 Juni

Bwawani. Kayaki nyekundu. Becky amemfanya Mzee kuwa nahodha, mimi msaidizi wa nahodha. Sawa. Kofia nimeigeuza maandishi yaangalie nyuma.

Mazoezi ya kreti yalinisaidia sana, isipokuwa kreti haina mbele wala nyuma. Nilikaa nikamtazama Mzee uso kwa uso. Yeye akapiga kasia kwenda, mimi nikapiga kasia kurudi. Tulizunguka mahali pamoja kama mara sita. Nikasimama ili nigeuke.

Maji ni baridi! Nilipiga kelele za kuokolewa hadi Becky aliponiambia kutoka ukingoni kwamba nijaribu kusimama. Nikasimama. Yakanifika kiunoni. Gugu maji lilikuwa kwenye kofia, na ua lake la zambarau. Mzee, naye amelowa hadi kilemba, alicheka mpaka akashika mbavu. Sijawahi kumwona akicheka. Akasema Indu angecheka hadi kesho.

Tulitoa magunia kumi na moja. Mahali tulipong'oa, maji yanaonekana. Yana rangi ya chai, lakini ni maji. Sikumbuki siku nyingine niliyofurahi hivi.

Jumatatu, 2 Juni

Sikukuu ya Madaraka ilikuwa jana Jumapili, kwa hivyo leo hakuna kazi. Nimeamka na deni moyoni.

Mzee Rajinder ameondoka leo asubuhi, anaenda Kisumu kwa binti yake Nidhi, wiki nzima. Alipitia hapa na teksi ikimsubiri. Akaniachia kopo lake la maji mkononi, lenyewe, lile la kila siku. Miti yote miwili, ule mdogo na ule wa Indu, iko chini yangu. Akasema asubuhi, maji tu.

Maji tu! Mzee ni mnyenyekevu mno, hapendi kumsumbua mtu. Mtu amekusamehe mbele ya watu thelathini, halafu umlipe kwa maji? Hapana. Waithaka si mtu wa kazi nusu nusu.

Nimeshaongea na Mama Kiarie. Kuku wake wiki hii wamekuwa wakarimu, na mbolea ameitoa bandani leo hii, bado inatoa mvuke. Madebe mawili kwa ule mdogo, ambao una kayaki ya njano mabegani mwake. Madebe sita kwa ule wa Indu, maana ni mkubwa, na ni zawadi. Obuya amenikopesha mkokoteni.

Hannah yuko mlangoni, anatia majani ya mlimau kwenye chai. Ameniuliza, si Mzee alisema ile kitu ikae miezi mitatu ipoe. Nimemwambia miezi mitatu ndiyo yote tuliyo nayo, hatuwezi kuimalizia kwenye kupoesha mbolea. Yeye hajui mambo ya miti.

Naenda sasa hivi, kabla jua halijakuwa kali. Niliupiga picha mti wa Indu jana, tulinganishe. Jumatatu ijayo Mzee akirudi, hatautambua.